Filamu za Nchi za Jahazi: Jinsi Orodha ya Tamasha la Zanzibar Inavyopangwa

Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, linalojulikana zaidi kwa kifupi chake cha ZIFF, lilianzishwa mwaka 1997, na maonesho yake ya kwanza yakafanyika mwaka 1998. Hufanyika Mji Mkongwe, mara nyingi wakati wa kipupwe, katikati ya mwaka. Kwa siku chache mji hupokea filamu ndefu na fupi, za kubuni na za maisha halisi, za katuni, kazi za waongozaji wenye jina na kazi za wanafunzi ambao hawajawahi kuoneshwa mbele ya hadhira. Mtu anayeisoma ratiba kwa mara ya kwanza anaweza kudhani zimekusanywa ovyo. Sivyo: nyuma ya orodha hiyo kuna kanuni, na kanuni hiyo imo katika jina la pili la tamasha, yaani Tamasha la Nchi za Jahazi.

Nchi za jahazi ni zile zilizounganishwa na pepo za kaskazi na kusi. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba mikoko, karafuu, tende, nguo na watu, yakipita Kilwa, Unguja, Mombasa, Lamu, Muscat, bandari za Ghuba ya Uajemi na pwani ya magharibi ya India. Waanzilishi wa tamasha walichukua njia hizo za bahari kuwa mipaka ya mwaliko wao: Afrika yote, Uarabuni, Iran, Bara Hindi, visiwa vya Bahari ya Hindi, pamoja na watu wenye asili ya huko waliotawanyika Ulaya, Amerika na Karibea. Hapo ndipo ZIFF inapotofautiana na FESPACO, tamasha kubwa la Ouagadougou lililoanza mwaka 1969, ambalo mashindano yake yamejengwa juu ya filamu za Waafrika na wenye asili ya Afrika. Zanzibar, filamu kutoka Iran au India haiji kama mgeni wa heshima. Inaingia mashindanoni sawa na ya Kenya au Tanzania. Tuzo kuu nayo ni Jahazi la Dhahabu, ikifuatiwa na Jahazi la Fedha.

Hadhira ya Zanzibar ilikuwa imeshazoea mchanganyiko huo kabla ya tamasha kuzaliwa. Katikati ya karne ya 20 kumbi kama Majestic, Empire na Sultana zilionesha filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani, na Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa mno katika pwani hii. Watu walitoka ukumbini wakiimba nyimbo za lugha wasiyoizungumza. Kumbi hizo zilikufa moja baada ya nyingine, wakati video na televisheni zilipoingia majumbani. Kwa hiyo tamasha lilipoanza halikuwafundisha Wazanzibari kutazama sinema za ng'ambo. Liliwarudishia desturi iliyokuwa inapotea, tena kwa wigo mpana zaidi.

Kazi ya kupanga orodha huanza miezi mingi kabla ya pazia kufunguliwa. Waongozaji na watayarishaji hutuma filamu zao, siku hizi kwa njia ya mtandao, na kamati ya uteuzi huzitazama na kuzichuja. Kamati huangalia ubora wa hadithi, picha na sauti, lakini inapima pia uwiano wa orodha nzima. Filamu kumi nzuri zote za huzuni, zote kutoka nchi moja, hazitoshi kuitwa tamasha. Baada ya mchujo, nyingine hupangwa mashindanoni na nyingine huoneshwa nje ya mashindano, labda kwa sababu ni za zamani, au kwa sababu zinagusa jambo ambalo mji unalijadili mwaka huo. Kazi hii haionekani, lakini ndiyo inayoamua kama mtazamaji atatoka na kitu kipya au atarudia alichokwisha kukiona.

Filamu ndefu za kubuni ndizo zinazopewa usiku, na uwanja wake mkuu umekuwa Ngome Kongwe, boma lililojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Ndani ya kuta zake kuna jukwaa la wazi lenye ngazi za mawe za kukalia. Kwa kuwa hakuna paa, onesho haliwezi kuanza mpaka giza liingie. Mwaka 2017 tamasha lilifunguliwa na T-Junction ya Amil Shivji, filamu ya Kitanzania inayomfuata msichana Fatima aliyefiwa na baba, na simulizi anazozisikia hospitalini kutoka kwa mwenzake Maria kuhusu jamii ndogo ya watu wa njia panda jijini Dar es Salaam. Kuipa kazi ya nyumbani nafasi ya ufunguzi katika tamasha la kimataifa kulikuwa uamuzi wenye uzito.

Njia aliyopita Shivji inaeleza kwa nini filamu fupi hazistahili kuchukuliwa kama vijazio vya ratiba. Kabla ya T-Junction alitengeneza Shoeshine mwaka 2013 na Samaki Mchangani mwaka 2014, zote fupi. Baada yake ikaja Vuta N'Kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950, ambayo ilioneshwa Toronto mwaka 2021 na mwaka uliofuata ikapelekwa na Tanzania kuwania Oscar. Filamu fupi inagharimu kiasi ambacho kijana anaweza kukichanga kwa ndugu na marafiki, na makosa yake hayamfilisi mtu. Ndani ya saa moja na nusu mtazamaji anaweza kuona hadithi sita au saba kutoka nchi sita au saba. Anayetaka kujua sinema ya Afrika Mashariki itakuwa wapi miaka kumi ijayo afike kwenye maonesho hayo ya mchana, hata kama viti vingi viko wazi.

Filamu za maisha halisi zina uzito wa namna nyingine. As Old as My Tongue ya Andy Jones, iliyotoka mwaka 2006, ilimfuata Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na unyago aliyefariki mwaka 2013. Leo sauti yake, mwendo wake na ukali wa ulimi wake vimehifadhiwa kwa namna ambayo kitabu kisingeweza. Kenya nayo imetoa Softie ya Sam Soko, ya mwaka 2020, inayoonesha mwanaharakati akigombea ubunge na gharama ambayo familia yake inailipa. Filamu za aina hii hazipati nafasi kubwa katika biashara ya kawaida ya sinema. Bila matamasha nyingi zingebaki kabatini.

Suala lililoleta mjadala mrefu ni nafasi ya Bongo Muvi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Dar es Salaam ilizalisha filamu nyingi zilizopigwa kwa video kwa muda mfupi na kuuzwa Kariakoo. Kwa mtazamaji wa Mkuza, pale Kibaha kando ya Barabara ya Morogoro, kama ilivyo kwa miji mingi ya Bara, sinema kwa miaka mingi ilimaanisha vitu viwili: filamu hizo, na kibanda umiza chenye mabenchi na runinga, ambako filamu ya kigeni ilisindikizwa na sauti ya mfasiri kama marehemu Lufufu akiisimulia upya kwa Kiswahili. Wapo waliodai kwamba Bongo Muvi haina hadhi ya tamasha la kimataifa. ZIFF ilichagua njia nyingine, ikaziwekea kundi lake na tuzo zake. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Filamu inayotazamwa na mamilioni haiwezi kuachwa nje ya tamasha la nchi yao, na mwongozaji wa Bongo Muvi anayekaa benchi moja na mwenzake wa Iran ana mengi ya kujifunza, kama alivyo na mengi ya kumfundisha kuhusu kutengeneza filamu bila fedha.

Lugha ni kikwazo cha kweli. Filamu nyingi huja na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na hayo humsaidia mgeni kuliko mkazi wa Ng'ambo au Makunduchi. Ndiyo maana filamu zinazozungumza Kiswahili huamsha ukumbi mara moja. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, inayomhusu mtoto mgonjwa anayetamani kuwa shujaa wa sinema na kijiji kinachoungana kumtimizia ndoto hiyo, haihitaji mfasiri kwa mtoto wa Pemba.

Kwa sababu hiyo tamasha halikubaki ndani ya kuta za Mji Mkongwe. Lilipanga maonesho ya watoto na ya wanawake, na pia ya vijijini, ambapo skrini, projekta na jenereta hupelekwa mashamba, Unguja na Pemba. Sinema ya kutembea ina historia ndefu katika nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa kikoloni uliokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za kufundisha kilimo, afya na kuweka akiba, ukazizungusha kwa lori vijijini. Wakati ule mwanakijiji alichaguliwa afundishwe. Katika maonesho ya tamasha anaalikwa kama mtazamaji, anacheka, anabishana, anakataa asichokipenda.

Uhuru wa kuchagua filamu una mipaka yake kisheria. Zanzibar kuna Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na Bara kuna Bodi ya Filamu. Mpangaji wa orodha analazimika pia kufikiria ni saa ngapi na kwa hadhira ipi filamu fulani ioneshwe, kwa kuwa uwanja wa Ngome Kongwe una familia nzima, wazee na watoto.

Tamasha linapokwisha, safari ya filamu zenyewe huendelea. Baadhi hualikwa Durban, Carthage au Ulaya na wageni walioziona Zanzibar. Baadhi hununuliwa na vituo vya televisheni. Njia ya tatu imefunguka karibuni: Binti ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, yenye hadithi za wanawake wanne wa Dar es Salaam, ilifika Netflix, na kwa hiyo mtu wa Mkuza mwenye simu na bando aliweza kuitazama bila kupanda boti ya kwenda Unguja.