Je, Wajua? Kiboko wa Ayubu na Maswali ya Bonde la Kilombero

Kuanzia Kisawasawa, chini ya milima ya Udzungwa, hadi Ifakara mjini, msibani hakosi mtu wa kusema: kazi ya Mungu haina makosa. Sawa. Ila Biblia yenyewe ina majibu ya ajabu zaidi ya hilo. Sogeza kiti.

Mungu alimjibu mfiwa kwa habari za kiboko

Ayubu alifiwa na watoto 10, akapoteza mali na afya, kisha akadai maelezo. Kitabu chake kina sura 42, na Mungu hamjibu mpaka sura ya 38. Tena akimjibu, hatoi sababu hata moja! Anamuuliza maswali tu: kuhusu mvua, simba, mbuni, kisha anatua kwa wanyama wawili wa kutisha ambao wachambuzi wengi wanaona ni kiboko na mamba. Mvuvi wa Mto Kilombero hahitaji mahubiri marefu hapo. Hao wawili ni majirani zake. Na kuna kioja kingine: mwishoni wanaokemewa ni wale rafiki watatu waliokuja kumfariji, kisha wakashikilia kwamba anayeteseka lazima ametenda dhambi. Kila msiba una watu wa namna hiyo.

Mnara uliwaua watu 18, na Yesu akakataa kuwalaumu

Iko Luka 13. Mnara wa Siloamu ulianguka, watu 18 wakafa. Yesu akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na akajijibu: hapana. Kivuko cha Mto Kilombero kilipozama Januari 2016, upepo mkali ndio uliotajwa kuwa chanzo, si dhambi za abiria. Leo pana Daraja la Magufuli, lililozinduliwa 2018, lenye urefu wa mita 384: zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vikipangwa kwa urefu.

Lisbon ilitikisika siku ya Watakatifu Wote

Tarehe 1 Novemba 1755, waumini wakiwa wamejaa makanisani, tetemeko la ardhi liliubomoa mji huo mkuu wa Ureno. Mwandishi Mfaransa Voltaire aliandika shairi kuhusu maafa hayo, na wasomi wa Ulaya wakabishana vikali kuhusu wema wa Mungu.

Kuna vimelea vya malaria "vinavyofichwa"

Miaka ya 1990, watafiti waliozungumza na watu wa Ifakara walikutana na maelezo haya: mchawi anaweza kuvificha vimelea hadubini isivione, ndiyo maana mgonjwa anaungua kwa homa huku kipimo kikisema hana kitu. Usicheke. Ni jaribio la kujibu swali lilelile la Ayubu, kwa nini mimi? Ndiyo maana nyumba moja inaweza kumeza dawa, kuombewa na kwenda kwa mganga, yote kwa homa moja. Miaka hiyohiyo wilaya za Kilombero na Ulanga zilianza kuuziwa vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kuwa uhai wa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliolala ndani yake uliongezeka kwa asilimia 27. Kwa maoni yangu, padri au mchungaji anayehubiri kwamba Mungu hulinda hakosei akipanda mimbari na chandarua mkononi.

Ugonjwa wa kutikisa kichwa ulionekana Mahenge miaka ya 1960

Ng'ambo ya mto, juu Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwei alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Wagonjwa walitengewa hata sahani, kwa hofu ya kuambukiza. Miongoni mwa watoto aliona wengine wanaoinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Miongo kadhaa baadaye hali kama hiyo ikatikisa Sudan Kusini na Uganda. Leo watafiti wanaihusisha na minyoo ya usubi, inayoenezwa na inzi wadogo weusi wa mito yenye kasi. Hapo pia hakuna dhambi ya kusaka: katika Yohana 9 wanafunzi wa Yesu wanauliza nani alitenda dhambi, kipofu au wazazi wake, nao wanajibiwa si huyu wala si wale. Kwa hiyo mtu akianguka kifafa mbele yako, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na akizinduka mpeleke kituo cha afya. Kifafa hakiambukizi, kula naye sahani moja.