Binamu, Nax Iko na Urefu Yake

Kuna binamu yangu wa Kanairo hukujanga Nax, hapa kwetu Nakuru, kila Disemba. Akishuka tu steji, hata kabla asalimie mathe, lazima aulize swali ile ile: "Sasa magorofa ziko wapi? Ama bado ziko kwa mathree ya nyuma?" Wasee wa steji wanacheka. Mi nabeba begi yake nanyamaza. Mwaka hii nimeamua kumjibu na hesabu.

Tuanze na zake, tusionee mtu. KICC iko pale tangu 1973, mita 105, na ile kichwa yake ya mviringo bado inawasha hizi vioo zote za juzi. Walioichora ni David Mutiso, msee wa hapa hapa, na Karl Henrik Nøstvik wa Norway. Alafu kuna Times Tower, mita 140, kwenye KRA hukaa ikihesabu doo zetu. UAP ya Upper Hill ikaipita na mita 163, Britam ikakuja ikagonga 200. Lakini hiyo 200 wamehesabu na mlingoti ya juu, ka msee anapimwa urefu na hajatoa kofia. Kuna ingine hapo hapo Upper Hill, Pinnacle, ilianza 2017 na mdomo mob ati itapita mita 300. Maneno ya ploti ikafika kortini, stori ikaishia hapo.

Haya, rudi kwetu. Tao ya Nax iko ka mita 1,850 juu ya bahari. Menengai, ile mlima hutokeanga nyuma ya kila picha ya Milimani, iko 2,278. Toa. Hiyo ni mita 400 na kitu. Panga Britam mbili, moja juu ya ingine, na milingoti zake zote. Bado huoni kreta.

Na tao yetu kuwa fupi si ushamba. Wazee wa manispaa walikataza magorofa ndefu miaka mob, juu hapa chini kumepasuka. Tuko katikati ya Bonde la Ufa, si jina ya kupamba ramani. Tarehe 6 Januari 1928 kulitingika Subukia, hapo ukipita Bahati, tetemeko ya 6.9. Kenya haijawahi pima ingine ka hiyo. Hata jina yenyewe imekuambia: Wamaasai waliita hii sehemu En-akuro, mahali vumbi inazunguka. Hiyo vumbi mob ni jivu ya volkeno, na ndio tumejengea. Mvua ikizidi, maji inashukia kwa nyufa, inabeba jivu pole pole, siku moja unapata chini ya sakafu yako kuna shimo. Msee wa Kaptembwa ama Rhonda hahitaji kusomewa hii.

Mi nilisomea hii mambo shimoni. Nikimaliza fom foo nilienda mjengo miezi nne, saiti moja hapa tao. Nilikuwa nimejipanga siku ya kwanza napanda juu napiga picha natumia madem. Wapi! Wiki tatu tulikuwa chini tukichota. Jivu inaingia hadi kwa meno, ukitema ni kijivu, ukienda kulala bado unaskia ikikwaruza. Kulikuwa na fundi mmoja mzae, sote tulikuwa tunamuita Guka. Kila asubuhi anashuka na chuma ndefu, anaidunga chini, anatulia ka mtu anaskiza mlango. Ikiingia rahisi anatingisha kichwa: "Kijana yangu, hii bado ni unga. Chimba." Huko juu kontrakta anafoka, siku zinakula doo. Guka ni ka hajaskia.

Siku moja mgongo ikanishinda nikamuuliza, "Guka, si tumwage tu zege twende?" Akaniangalia vile unaangalia mtoto akila sabuni. "Hizo za juu ni za mwenye ploti, atapaka rangi anataka. Hii ya chini wakikuja kuuliza, wataniuliza mimi."

Slabu ya saba nilifika, sikatai. Unaona lake yote, venye imefura ikameza hadi miti za kando. Unaona reli, unaona mabati za Bondeni, na huku nyuma Menengai imekaa tu, haina haraka. Picha nilipiga. Ilitoka vumbi tupu.

Tangu Uhuru atupatie karatasi ya jiji, 1 Desemba 2021, ploti zimewaka moto. Section 58, Milimani, Naka, kila kona ni mabati za saiti na mlio ya mikisa. Ile marufuku ya kitambo imebaki stori ya wazee. Urefu haina shida na mi, hata napenda; tao imeanza kukaa tao, na maboyz wa mtaa wanapata kibarua. Kenye inanitoa jasho ni ile ploti umepita Jumatatu ni shimo, kufika mwisho wa mwezi watu wanaanika nguo floo ya tatu. Zile wiki tatu za Guka zilienda wapi?

So ukienda kutafuta keja, wacha kuanza na maji na waifai. Shuka hadi chini kabisa kwenye wameweka pampu, angalia ukuta ka imechora laini, alafu uliza keateka nani alipima udongo. Akianza kukuonyesha taili, panda nduthi uende ploti ingine.

Na wewe binamu, Disemba beba viatu za kutembea. Menengai haina lifti.