Mbio za Magari Katika Kioo cha Televisheni na Barabara ya Mikumi

Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa umbali wa kilometa zipatazo 50. Tangu hifadhi hiyo ilipoanzishwa mwaka 1964, magari na wanyama wamekuwa wakigawana ardhi moja: basi hupita, na mara tembo, twiga au pundamilia huvuka. Katika makala haya tutaitazama barabara hiyo kwa njia isiyo ya kawaida, yaani kwa kupitia mchezo wa kompyuta. Tutaona jinsi kompyuta inavyoiga mwendo wa gari, inavyobanwa na mipaka ya vyombo vyake, na jambo ambalo mchezo huo hauwezi kumfundisha kijana.

Mashindano na mfano wake

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa gari la Peugeot 404. Baadaye magari ya Lancia Delta na Toyota Celica yalitawala mashindano hayo. Lancia ilishinda miaka ya 1988, 1989 na 1991, na Toyota ikashinda 1990, 1992, 1993 na 1994.

Magari hayo mawili ndiyo yaliyochaguliwa na kampuni ya Sega ya Japani kwa mchezo wake ulioitwa Sega Rally Championship, uliofika katika kumbi za michezo ya sarafu kati ya 1994 na 1995. Uliongozwa na Kenji Sasaki, na msimamizi wa utayarishaji alikuwa Tetsuya Mizuguchi. Njia yake ya kwanza ni ya jangwani, yenye vumbi na wanyama wa porini kando yake, nayo humkumbusha mtazamaji nyika za Afrika Mashariki.

Kutoka ukumbini hadi sebuleni

Mashine ya ukumbini ilichora picha 60 kila sekunde. Kila picha ilikuwa na nukta 496 kwa 384, yaani nukta 190,464. Kwa hiyo katika sekunde moja zaidi ya nukta milioni 11 zilipaswa kuonyeshwa. Prosesa yake kuu ilipiga mapigo milioni 25 kwa sekunde. Tukigawa kwa 60, tunapata mapigo yapatayo 417,000 tu kwa kila picha. Kazi nzito ya kukokotoa maumbo na kuyavisha sura ya mchanga, majani na mawe ilifanywa na vyombo vingine vilivyotengenezwa mahususi. Ufundi huo wa kuvisha maumbo sura ulitokana na mitambo ya kufundishia marubani.

Mwishoni mwa mwaka 1995 mchezo huo ulihamishiwa katika Saturn, mashine ndogo ya kuunganishwa na televisheni nyumbani. Saturn ilikuwa na prosesa kuu mbili, kila moja ikipiga mapigo yapatayo milioni 28.6 kwa sekunde. Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba kazi ilikuwa rahisi, kwa kuwa idadi ya mapigo ilizidi. La hasha. Wingi wa mapigo peke yake haupimi uwezo wa mashine. Ni lazima tuulize pia kazi gani hufanywa na vyombo vya pembeni. Saturn haikuwa na vyombo vyenye nguvu kama vya ukumbini. Wahandisi walilazimika kupunguza maumbo na kuchora picha 30 kwa sekunde badala ya 60.

Kumbukumbu nayo ilikuwa finyu: megabaiti 2 za kazi kuu na megabaiti 1.5 za picha. Aidha, muziki ulipigwa moja kwa moja kutoka katika diski ileile iliyobeba mchezo. Muda muziki unapopigwa, diski haiwezi kusomwa kwa kazi nyingine. Hivyo njia nzima ilipaswa kuwekwa katika kumbukumbu kabla ya mbio kuanza. Hata hivyo mchezaji wa nyumbani alipata faida: watu wawili waliweza kushindana kwa kugawana kioo kimoja.

Msuguano

Sifa kubwa ya mchezo huo ilikuwa kutofautisha ardhi. Gari lilishika lami kwa namna moja na changarawe kwa namna nyingine. Jambo hili katika fizikia huelezwa kwa kizigeu cha msuguano. Dereva akifunga breki, umbali wa kusimama ni mraba wa mwendo ukigawanywa kwa mara mbili ya zao la kizigeu na mchapuko wa mvutano wa dunia.

Tuchukue gari linalokwenda kilometa 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, na mchapuko wa 10. Kwa lami kavu yenye kizigeu 0.7, gari litasimama baada ya mita 29 hivi. Kwa changarawe yenye 0.4, mita 50. Kwa udongo mweusi wa tambarare ya Mkata ulioloa mvua, tukikadiria 0.2, mita 100. Tuongeze mita 20 ambazo gari husafiri katika sekunde moja ya dereva kushtuka kabla hajakanyaga breki. Sasa umbali wote ni mita 49, 70 na 120.

Kile ambacho mchezo hauonyeshi

Katika mchezo, anayegonga ukingo hupoteza sekunde chache, kisha huendelea. Wanyama wa kando ya njia ni pambo. Hawaingii barabarani, wala hesabu ya mashine haina habari za uzito wao. Huu si udhaifu wa watengenezaji. Kila kielelezo cha kisayansi huchagua mambo ya kuyashika na mambo ya kuyaacha, na mchezo uliundwa kwa ajili ya burudani. Hatari huanza pale kijana anapochukua kielelezo na kukifanya kuwa dunia yenyewe, akaamini kwamba jicho lililozoea kioo limezoea barabara.

Mikumi hakuna kurudia mchezo kwa kutia sarafu nyingine. Alama za mwendo na matuta yaliyowekwa ndani ya hifadhi yanatokana na hesabu ileile ya mraba: mwendo ukipungua kwa nusu, umbali wa breki hupungua hadi robo. Dereva wa basi anayelalamika kwamba matuta yanamchelewesha anapimia dakika zake. Tembo na abiria wanapimiwa mita.

Zoezi la darasani

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi hii. Kokotoa umbali wote wa kusimama kwa mwendo wa kilometa 36 kwa saa katika aina tatu za ardhi zilizotajwa. Kisha tafuta gari la kilometa 72 kwa saa husogea kiasi gani kati ya picha moja na nyingine, kwa picha 60 na kwa picha 30. Mwisho, jadilini: ikiwa swala ameonekana mita 40 mbele, ni katika hali zipi ataokoka?