Hofu ya Mafua kwa Mama Mjamzito: Isiwe Sababu ya Kukosa Kliniki

Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi katika kata zetu za milimani. Ukungu huchelewa kuondoka, madirisha hufungwa mapema, na familia hukusanyika jikoni kuota moto. Ni majira hayo hayo ambapo kikohozi husikika karibu kila nyumba. Kwa watu wengi mafua ni usumbufu wa siku chache tu. Kwa mama mjamzito, kila chafya ya jirani huweza kuzaa swali zito: je, nikiambukizwa, mtoto wangu atakuwa salama?

Swali hilo liliulizwa hadharani katika kipindi cha elimu ya afya kwenye mojawapo ya zahanati zetu. Mama mmoja mwenye ujauzito wa miezi saba alieleza kwamba alikuwa amekosa hudhurio moja la kliniki. Hakukosa kwa uzembe wala kwa umbali. Alihofia kuketi benchi moja na watu wanaokohoa. "Nilidhani ninamlinda mtoto," alisema. Wenzake kadhaa waliinamisha vichwa, kwa kuwa nao walikuwa wamewaza hivyo hivyo.

Makala haya yanaandikwa kwa ajili ya mama huyo na wenzake, pamoja na waume, mama wakwe na majirani wanaoishi nao. Hayakusudii kumwambia mjamzito asiogope. Yanakusudia kumwonyesha namna ya kuigeuza hofu yake kuwa hatua za kujikinga, badala ya kuiacha imfungie nyumbani.

Je, hofu hii ina msingi?

Ndiyo, kwa kiasi. Kwanza ni vema kutofautisha mafua ya kawaida na homa ya mafua. Mafua ya kawaida huanza taratibu kwa kamasi na koo kuwasha, na mara nyingi hayamlazi mtu kitandani. Homa ya mafua husababishwa na virusi vya aina yake na huanza ghafla: homa, baridi, kichwa kuuma, misuli kuuma, kikohozi kikavu na uchovu mkubwa. Dalili hujitokeza kati ya siku 1 na siku 4 baada ya kuambukizwa. Mgonjwa huweza kuambukiza wengine kuanzia siku moja kabla ya dalili hadi siku 5 au 7 baadaye.

Katika ujauzito mwili hufanya kazi ya watu wawili. Moyo husukuma damu nyingi zaidi, mapafu hubanwa kadiri mfuko wa uzazi unavyokua, na kinga ya mwili nayo hubadilika. Ndiyo maana homa ya mafua huweza kumlemea mjamzito zaidi ya mwanamke mwingine wa rika lake, hasa kuanzia mwezi wa nne hadi wiki mbili baada ya kujifungua. Jambo hili lilionekana wazi katika mlipuko wa dunia nzima wa mwaka 1918, na likaonekana tena mwaka 2009 wakati wa mafua yaliyojulikana kama mafua ya nguruwe. Hatari kubwa ni homa ya mapafu kwa mama, na kwa mtoto ni kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo.

Hata hivyo, upande wa pili wa ukweli huu nao usisahauliwe. Wajawazito wengi wanaopata homa ya mafua hupona na kujifungua salama. Virusi hivyo kwa kawaida hubaki katika njia ya hewa ya mama, na ni nadra kumfikia mtoto tumboni. Kinachomhatarisha mtoto zaidi ni mama kuachwa na homa kali au kushindwa kupumua bila kutibiwa. Kwa hiyo ulinzi mkubwa wa mtoto ni mama kuwahi huduma.

Kliniki au nyumbani?

Hapa ndipo hofu huwapotosha wengi. Mama anayekosa kliniki kwa kuogopa mafua hukwepa hatari moja na kujiweka katika hatari nyingine nyingi. Kliniki ndipo hupimwa shinikizo la damu, ambalo likipanda huweza kuleta kifafa cha mimba bila mama kuhisi lolote mwanzoni. Ndipo hupimwa wingi wa damu, mkojo, kaswende, VVU na malaria. Ndipo hutolewa chandarua chenye dawa, chanjo ya pepopunda, vidonge vya kuongeza damu, na dawa ya SP ya kuzuia malaria kuanzia kipindi cha pili cha ujauzito. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mahudhurio yasiyopungua 8, la kwanza likiwa kabla ya wiki ya 12.

Yule mama tuliyemtaja alipimwa siku hiyo hiyo. Kipimo kilionyesha kwamba damu yake imepungua. Alipewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, akaelekezwa chakula na kupangiwa tarehe ya kurudi. Alikuwa amekaa miezi miwili akiogopa mafua, ilhali lililomnyemelea lilikuwa upungufu wa damu.

Ili kupunguza uwezekano wa kuambukizwa ukiwa kituoni:

- Vaa barakoa, hasa unapoona watu wengi wanaokohoa.
- Keti karibu na dirisha au barazani, na umwombe mwenzako akuite zamu yako ikifika.
- Nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni unapofika na unapoondoka. Epuka kujigusa macho, pua na mdomo.
- Ikiwa wewe ndiye mwenye kikohozi, usikae kimya na usirudi nyumbani. Mweleze mhudumu wa mapokezi mara ufikapo ili akutenge na wengine.

Hatua za nyumbani

Nyumbani ndiko mjamzito hukaa muda mrefu zaidi na watu wanaokohoa. Fungua dirisha hata kama kuna baridi, walau asubuhi na mchana. Hewa inayozunguka hupunguza virusi na huondoa moshi wa kuni ambao huchosha mapafu. Anayekohoa azibe mdomo kwa kitambaa au kwa kiwiko, wala si kwa kiganja. Kila mmoja atumie kikombe na taulo yake. Ikiwezekana, mgonjwa alale chumba kingine. Isipowezekana, walale wakielekeza vichwa pande tofauti. Watoto wanaotoka shuleni wanawe mikono kabla ya kumkumbatia mama.

Ukipata dalili

Homa yoyote katika ujauzito ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usijipe jibu kwamba "ni mafua tu ya baridi". Malaria na maambukizi ya njia ya mkojo huanza kwa dalili zinazofanana na hizo, na kila moja ina tiba yake. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa dakika chache.

Kwa kushusha homa, dawa inayotumika kwa kawaida ni parasetamo, kwa kipimo utakachoelekezwa. Usitumie diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini bila maelekezo ya mtaalamu, kwa sababu huweza kumdhuru mtoto, hasa baada ya wiki ya 20. Usinunue antibiotiki kwa kukisia, kwani haziui virusi vya mafua. Ukiwa duka la dawa, neno lako la kwanza liwe: "Mimi ni mjamzito." Zipo pia dawa za kupambana na virusi ambazo daktari huweza kumwandikia mjamzito. Hizo hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 48 tangu dalili kuanza, na hiyo ni sababu nyingine ya kutochelewa.

Chai ya tangawizi au maji ya moto yenye limao na asali hutuliza koo, na hakuna ubaya kuyanywa pamoja na matibabu. Kujifukiza chini ya blanketi ni jambo jingine. Mvuke huweza kumwunguza mama au kumpandisha joto la mwili, na baadhi ya majani yanayochemshwa hayajulikani athari zake kwa mimba. Mweleze muuguzi dawa yoyote ya asili uliyotumia. Kazi yake ni kukusaidia, hata ukiwa umekwisha kuitumia.

Dalili za hatari: usisubiri kupambazuke

Nenda kituoni mara moja ukiona mojawapo ya haya:

- kupumua kwa shida au kifua kuuma;
- homa isiyoshuka baada ya kunywa parasetamo;
- kutapika kila unachokula au kunywa;
- kuchanganyikiwa, kuzimia au degedege;
- kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu;
- mtoto kupunguza kucheza tumboni;
- kutokwa na damu au chupa ya uzazi kupasuka.

Kwa usafiri wa dharura wa mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, piga simu namba 115 ya mfumo wa m-mama, bila malipo. Kwa ushauri wa kiafya, piga namba 199 ya Wizara ya Afya, nayo bila malipo. Ziandike namba hizi nyuma ya mlango, ili hata mtoto anayejua kusoma aweze kuzitumia.

Hofu yenyewe nayo ihudumiwe

Wapo mama wanaotimiza yote yaliyotajwa na bado hawalali. Hushika paji la uso mara kwa mara kutafuta homa, moyo huenda mbio wakisikia mtu akikohoa, na kila ujumbe wa sauti unaosambazwa katika makundi ya simu huwaongezea mzigo. Hilo si udhaifu wala ukosefu wa imani. WHO inakadiria kwamba duniani kote takribani mjamzito 1 kati ya 10 hupata tatizo la afya ya akili, na wengi hawamwambii mtu yeyote.

Yafuatayo huwasaidia wengi. Kwanza, itaje hofu yako kwa mtu mmoja unayemwamini. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na aghalabu hofu iliyosemwa huwa nyepesi kuliko iliyofichwa. Pili, andika maswali yako kwenye karatasi na uiweke ndani ya kadi ya kliniki. Swali lililoandikwa halikulazimu kuliwaza usiku kucha, kwa kuwa lina siku yake ya kujibiwa. Tatu, chagua chanzo kimoja cha taarifa, yaani muuguzi wako au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na usifungue kila ujumbe unaotumwa. Nne, hofu inapopanda, keti, vuta pumzi kwa kuhesabu hadi 4, kisha itoe taratibu kwa kuhesabu hadi 6. Rudia kwa dakika chache. Wengine hupata utulivu huo huo katika sala au katika matembezi mafupi ya jioni.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Hofu huweza kubana pumzi, na maradhi ya mapafu pia huweza kuibana. Pumzi isipotulia baada ya kupumzika, au ikiambatana na homa, usijiambie kwamba ni wasiwasi tu. Nenda ukapimwe.

Ikiwa hofu imedumu kwa wiki mbili au zaidi, ikakunyima usingizi na hamu ya chakula, au ikakuzuia kutoka nje, mweleze muuguzi. Ukijiwa na wazo la kujidhuru, usisubiri tarehe ya kliniki. Mwambie mtu aliye karibu na uende kituoni siku hiyo hiyo.

Wajibu wa familia

Maneno kama "acha kujidekeza" au "sisi tulizaa bila hayo yote" humfunga mama kinywa. Mume mwema msimu huu ni yule anayemsindikiza mkewe kliniki, anayetenga mapema nauli ya bodaboda, na anayelala upande mwingine anapokohoa bila kusubiri kuombwa. Mama mkwe naye ana heshima ya kusikilizwa ndani ya nyumba. Akisema "twende ukapimwe", safari huanza.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, ipo chanjo ya homa ya mafua?* Ipo, na aina inayotengenezwa kwa virusi vilivyouawa ni salama katika hatua yoyote ya ujauzito. Mwaka 2012 WHO ilipendekeza wajawazito wapewe kipaumbele cha juu katika chanjo hiyo. Haimo katika chanjo za kawaida za kliniki ya wajawazito nchini. Anayeihitaji aulize kituoni kwake ni wapi inaweza kupatikana.

*Nikiwa na mafua baada ya kujifungua, niache kunyonyesha?* Usiache. Virusi vya mafua haviambukizwi kwa maziwa ya mama, na maziwa hayo humpa mtoto kinga. Nawa mikono, vaa barakoa unaponyonyesha, na usikohoe kuelekea uso wa mtoto.

*Nikikosa hudhurio kwa sababu ya kuumwa, nitafokewa?* Hudhurio lililokosekana hufidiwa. Mtaarifu mhudumu wa afya wa kitongoji chako na uende mara upatapo nafuu, bila kusubiri mwezi mwingine.

Baridi itapita kama inavyopita kila mwaka. Kabla haijapita, mama mjamzito anayesoma makala haya aangalie tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake. Ikiwa imepita, kesho asubuhi avae sweta na barakoa, achukue karatasi ya maswali yake, aende kliniki.