Fahamu: Kwa nini mionzi ya hewani ipimwe kwanza kwenye mashimo ya vito Taita Taveta

Mpango wa mtambo wa nyuklia Uyombo, Kilifi, uliwatia wengi hofu ya mionzi. Hofu hiyo ina msingi, lakini mionzi iliyo karibu zaidi na mapafu ya watu wa Taita Taveta haisubiri mtambo wowote. Ni ya radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotokana na urani iliyomo kidogo kidogo ndani ya miamba. Nje hutawanyika, lakini ndani ya shimo jembamba la kuchimba vito, kama yale ya Kasigau, huweza kujikusanya. Shirika la Afya Duniani huitaja miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu baada ya sigara, na majumbani linapendekeza isizidi bekereli 100 kwa kila mita ya ujazo.

Watakuwepo wa kusema kwamba huku hakuchimbwi urani. Ni kweli, ila radoni haichagui mgodi. Wengine watasema linaloua ni vumbi la mawe. Nalo ni kweli, na kupitisha hewa safi shimoni hupunguza yote mawili. Gharama? Kipimo rahisi ni kikopo chenye kipande cha plastiki, kisichohitaji umeme, kinachotundikwa miezi kama mitatu. Chembe za alfa zitokazo kwenye radoni hukichora vijitundu ambavyo maabara huvihesabu. Wa kuifanya kazi hii wapo: Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ipo kwa sheria ya 2019, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta hufundisha uhandisi wa migodi. Vikopo vianzie kwenye mashimo marefu, kabla na baada ya kufungwa feni.