Kilichoondolewa Kwenye Kamera ya Bei Nafuu

Siku ya harusi wilayani Karagwe, mpiga picha hupakia begi lake kwenye bodaboda pale Kayanga au Omurushaka, akapita barabara za vumbi katikati ya migomba hadi kanisani, kisha ukumbini usiku kwenye mwanga hafifu. Mwenzake wa wilaya jirani ya Kyerwa hufanya vivyo hivyo. Vumbi, giza na sauti ya shughuli: haya matatu ndiyo yanayoipima kamera yake.

Tuitazame kwa karibu kamera moja ya daraja la chini kabisa, Canon EOS 4000D ya mwaka 2018. Sehemu ya kufungia lenzi ni ya plastiki. Kihisi cha picha hakina mtikisiko wa kujikung'uta vumbi. Tundu la maikrofoni halipo. Na pale juu flashi inapochomekwa, pointi ya katikati imeondolewa. Hicho kipande kidogo cha chuma ndicho kinachozipa flashi za kampuni mbalimbali amri ya kuwaka. Kisipokuwepo, flashi ya kawaida ya bei nafuu hukaa juu ya kamera kimya, hata betri zikiwa mpya.

Moyo wa kamera hiyo, hata hivyo, si dhaifu. Ina megapikseli 18, zinazotosha kuchapa picha safi inayokaribia ukubwa wa A3. Sasa ilinganishe na EOS 550D ya mwaka 2010. Megapikseli ni 18 vilevile, lakini ina kifungio cha chuma, mtikisiko wa vumbi, tundu la maikrofoni na ile pointi ya katikati. Ni ya zamani zaidi kwa miaka minane, na bado imekamilika zaidi.

Kwa nini iwe hivyo? Plastiki kweli hupunguza gharama, na bila daraja hili vijana wengi wasingemiliki kamera kabisa. Lakini sababu ya pili ni soko. Mwaka 1849 mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliandika kuhusu mabehewa ya treni ya daraja la tatu yasiyo na paa. Alieleza kwamba paa lenyewe halikuwa ghali; kampuni za reli zilitaka mwenye uwezo wa kulipia daraja la pili asishawishike kushuka la tatu.

Kamera nazo zimepitia njia hiyo. EOS 300D ya mwaka 2003 ilikuwa na megapikseli 6.3 kama ndugu yake wa bei ya juu, 10D. Watumiaji waliporekebisha programu yake ya ndani, walipata uwezo uliokuwa umefungwa, ukiwemo wa kurekebisha nguvu ya flashi. Kifaa kilikuwa na uwezo huo tangu kilipotoka kiwandani.

Kwa hiyo, kijana unayetaka kuanza kazi hii, usiulize megapikseli kwanza. Fungua lenzi uguse kifungio. Tazama pointi ya katikati, tafuta tundu la maikrofoni, uliza kama kihisi kinajisafisha. Chomeka flashi yako na upige picha kabla hujatoa pesa. Kamera ya daraja la kati iliyotumika vizuri inaweza kukufaa kuliko mpya iliyopunguzwa, kwa sababu kilichopunguzwa ndicho harusi za Karagwe na Kyerwa zinachokihitaji.