Bustani za Burudani Vyuma Vinapokaza

Bustani kubwa ya burudani ni biashara inayolipa gharama zake nyingi kabla mgeni wa kwanza hajafika getini. Alfajiri mafundi wameshapita wakikagua bolti na kupima breki, bima imelipwa, umeme unawaka, na mkopo uliojengea reli unaendelea kudai riba usiku na mchana. Rolakosta, yaani ile treni ndogo inayovutwa taratibu hadi kileleni kisha ikaachiwa iporomoke, inahitaji wahudumu walewale iwe imebeba watu 24 au 4. Ni hesabu anayoijua kila mwenye daladala: gari likitoka nusu tupu, mafuta hayapungui kwa nusu.

Ndiyo maana uchumi ukiyumba kidogo, faida ya bustani hizi huyumba sana. Katika mwaka wa fedha wa 2009, Marekani ikiwa katikati ya mdororo mkubwa, mapato ya bustani na hoteli za Disney yalishuka kwa asilimia 7 hivi, kutoka dola bilioni 11.5 hadi bilioni 10.7. Faida ya uendeshaji ilishuka kwa asilimia 25, kutoka karibu dola bilioni 1.9 hadi bilioni 1.4. Mapato yalipungua kidogo, gharama hazikupungua kwa kiasi hicho, na zaidi ya nusu ya pengo ikaangukia faida.

Hesabu hiyo ina upande wa pili. Geti likishafunguliwa, kumhudumia mgeni mmoja wa ziada hakugharimu karibu chochote, na mgeni huyo hatoki mikono mitupu. Atalipia maegesho, atanunua soda ambayo barafu ndani yake ni nyingi kuliko soda, atakula bisi, na mtoto wake hatakubali kurudi nyumbani bila kofia yenye masikio ya panya. Tiketi ni ada ya kuingilia sokoni. Kwa hiyo biashara ikidoda, kazi ya kwanza ya wenye bustani ni kuwaingiza watu ndani kwa njia yoyote, ila bila kuigusa bei iliyoandikwa getini.

Bei hiyo hulindwa kwa wivu. Ikishushwa hadharani, anapunguziwa hata yule ambaye angelipa yote bila kulalamika, na hali ikitengemaa kuipandisha tena ni ugomvi. Mwezi Agosti 2009, watu wakiwa bado wanapoteza kazi na nyumba, Disney ilipandisha tiketi ya siku moja ya mtu mzima huko Florida kutoka dola 75 hadi 79. Mwaka huohuo kampuni ilikuwa ikitangaza ofa kubwa: lipia usiku nne hotelini, ulale saba. Mtu anaweza kudhani wakubwa wa kampuni hawasikilizani, lakini hatua zote mbili zilitoka katika hesabu moja. Chumba kilicholala tupu jana hakiuziki tena leo, na familia inayolala siku tatu zaidi inakula siku tatu zaidi.

Ujanja mzuri kuliko wote wa mwaka huo ulikuwa wa siku ya kuzaliwa. Mwaka mzima wa 2009, mtu aliyefika kwenye bustani za Disney za Marekani siku yake ya kuzaliwa, akiwa na kitambulisho, aliingia bure. Mtoto anayetimiza miaka tisa anapita getini bila kulipa. Nyuma yake wanasubiri baba, mama, dada wawili na bibi, na hao wote wanalipa. Hakuna anayesherehekea siku ya kuzaliwa peke yake, na hakuna sherehe isiyo na keki.

Wageni wenyewe nao hubadilika. Katikati ya 2008 galoni moja ya petroli Marekani ilizidi dola 4, na familia nyingi zikaahirisha safari za mbali. Hali kama hiyo ni hatari zaidi kwa bustani za Orlando, Florida, ambazo wageni wao hufika kwa ndege au kwa kuendesha gari siku nzima. Bustani za mikoani, zile ambazo mtu anakwenda asubuhi na kurudi kulala kwake, zilipata nafuu kidogo, kwa sababu aliyeshindwa kwenda Florida bado angeweza kwenda mwendo wa saa moja. Silaha yao kuu ni tiketi ya msimu. Kwa bei inayokaribia ya kuingia mara mbili au tatu, mtu anaingia mara nyingi apendavyo mwaka ule. Bustani inapokea fedha kabla ya msimu, wakati akaunti imekauka, na kila ziara inamletea mwenye tiketi njaa mpya. Kampuni nyingi baadaye ziliigawa tiketi hiyo kwa malipo ya kila mwezi, kiasi kidogo ambacho mtu hakisikii kikikatwa.

Baada ya ofa hufuata kubana matumizi, na hapa kuna ufundi wake. Kinachoweza kukatwa bila mgeni kugundua hukatwa kwanza: mafunzo, safari za mameneja, rangi ya ukuta wa nyuma. Kisha bustani inafunguliwa saa moja baadaye na kufungwa saa moja mapema, migahawa miwili kati ya mitano inabaki na mapazia chini, na siku za katikati ya wiki zinafutwa kabisa nje ya msimu wa likizo. Breki na mikanda haviguswi. Ajali moja inaweza kufukuza wageni wengi kuliko mdororo wowote, na kampuni za bima zinalijua hilo.

Kuna ukataji mmoja ambao mgeni huuona bila kuuelewa. Rolakosta kubwa hujengwa ili iendeshwe kwa treni mbili au tatu kwa wakati mmoja: moja inapakia watu, nyingine iko hewani. Siku za ukata inaachwa moja. Mgeni anaangalia uwanja, anaona watu ni wachache, anafurahi. Anajipanga. Treni inaondoka, inazunguka, inarudi, watu wanafunguliwa mikanda, wanashuka, wanatafuta mabegi yao, ndipo kundi la pili linaitwa. Wale wanaofuata wanatazama reli tupu. Watu ni nusu ya wale wa mwaka jana, na foleni ni ileile. Bustani imeokoa mshahara wa wahudumu wachache, na mgeni anaondoka akiwa amepanda vyombo vitano badala ya kumi.

Watu wa kwanza kupunguzwa ni vibarua wa msimu, wanafunzi wengi wao, ambao hawafukuzwi hata kidogo: hawaitwi tu. Wa kudumu hufuata. Disney ilianza 2009 kwa kuwashawishi mamia ya mameneja waondoke kwa hiari na kiinua mgongo, kisha ikafuta nafasi zipatazo 1,900 kwenye bustani zake za Marekani. Zawadi ndogondogo nazo huondoka. Kwa miaka mingi, bustani za Busch Gardens na SeaWorld, ambazo zilikuwa mali ya kampuni ya bia ya Anheuser-Busch, ziliwaonjesha wageni watu wazima bia bila malipo. Mwishoni mwa 2008 kampuni hiyo ilinunuliwa na InBev ya Ubelgiji, na mapema mwaka uliofuata bia ya bure ikakoma. Kabla 2009 haujaisha, bustani zenyewe ziliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Blackstone kwa mkataba wa hadi dola bilioni 2.7, maana InBev ilihitaji fedha za kulipia mkopo ilionunulia kampuni ya bia.

Madeni, kwa kweli, ndiyo yanayoamua nani atabaki. Bustani inaweza kuvumilia viti vitupu misimu miwili mitatu, lakini tarehe ya kulipa deni haisubiri. Mfano ulio wazi ni Six Flags. Kampuni hiyo ilikua kwa kununua bustani huku na kule kwa fedha za kukopa, na mwaka 2008 ilipokea watu wapatao milioni 25, idadi isiyo ya biashara inayokufa. Hata hivyo, Agosti 2009 ilitakiwa kuwalipa wenye hisa maalumu zaidi ya dola milioni 280, na benki, zilizokuwa na majeraha yao wenyewe, hazikukopesha tena. Tarehe 13 Juni 2009, mwanzoni mwa msimu wa kiangazi, ikaomba mahakama iilinde dhidi ya wadai ikiwa na deni la dola bilioni 2.4. Treni ziliendelea kupanda na kushuka siku hiyohiyo. Wenye hisa walipoteza fedha zao, wakopeshaji wakageuka wamiliki, na Mei 2010 kampuni ikatoka mahakamani ikiwa imepungukiwa zaidi ya nusu ya deni lake. Katikati ya mchakato huo iliachana na bustani yake ya Louisville, Kentucky Kingdom, iliyojengwa kwenye ardhi ya kupanga. Rolakosta za pale zilisimama bila kubeba mtu hadi 2014, wawekezaji wengine walipoifungua.

Mshindani wake, Cedar Fair, alikuwa amekopa pia. Mwaka 2006 alinunua bustani za Paramount kwa dola bilioni 1.24. Upepo ulipogeuka, akasitisha gawio kwa wawekezaji na kuuza ardhi ya ziada iliyopakana na bustani yake ya Canada's Wonderland, karibu na Toronto, akapata zaidi ya dola milioni 50. Aliponea chupuchupu. Hard Rock Park ya Myrtle Beach, South Carolina, haikubahatika hivyo. Ilijengwa kwa dola milioni 400, ikafunguliwa katika majira ya kuchipua ya 2008, na kufika Septemba ilikuwa mahakamani. Mwaka uliofuata ilinunuliwa kwa dola milioni 25, ikabadilishwa jina, ikaendeshwa msimu mmoja, basi.

Huko Dubai mambo yaliishia mapema zaidi. Mradi wa Dubailand ulikuwa umeahidi bustani za majina makubwa katikati ya mchanga, na fedha zilipokauka baada ya 2008 kilichosimama cha Universal kilikuwa lango la kuingilia, bila cha kuingilia.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha zamani kidogo, na kinapingana na kanuni ya kutogusa bei ya getini. Disney ilifungua bustani yake nje ya Paris tarehe 12 Aprili 1992, Ulaya ikielekea kwenye mdororo. Septemba mwaka uleule pauni ya Uingereza na lira ya Italia zilianguka thamani, na kwa Mwingereza au Mwitaliano, Ufaransa ikawa ghali kwa usiku mmoja. Hoteli zilikuwa nyingi kupita kiasi na deni lilikuwa la kutisha. Hasara ya mwaka wa fedha 1993 ilifika faranga bilioni 5.3, na kukawa na maneno ya kufunga. Mwaka 1994 benki zilikubali kusamehe riba ya miezi kadhaa, Disney ya Marekani ikaacha kwa muda kudai mrabaha wake, na Mwanamfalme Al-Waleed bin Talal wa Saudi Arabia akanunua sehemu ya hisa. Jina likabadilishwa kutoka Euro Disney kuwa Disneyland Paris.

Aprili 1995 tiketi ya mtu mzima ya msimu wa juu ilishushwa kutoka faranga 250 hadi 195. Mwezi Juni ikafunguliwa Space Mountain, rolakosta inayokimbia gizani. Wageni waliongezeka kutoka milioni 8.8 hadi milioni 10.7, na mwaka huo bustani ikapata faida kwa mara ya kwanza, faranga milioni 114. Bei ilishuka, lakini haikushuka peke yake: mgeni alipewa kitu kipya cha kuja kukiona, na wadai walikuwa wameshalegeza kamba. Bustani inayoshusha bei bila hayo mawili inauza tu mali yake kwa hasara.

Kujenga wakati wa dhiki ni uamuzi unaohitaji ujasiri na, zaidi ya ujasiri, akiba. Kivutio kikubwa huchukua miaka mitatu au zaidi kutoka kwenye karatasi hadi kwenye reli, kwa hiyo anayesimamisha ujenzi mwaka wa shida atakosa cha kutangaza watu wanapoanza tena kusafiri. Mwaka 2007, kabla ya dhoruba, Universal ya Orlando ilitangaza kwamba ingejenga kijiji cha Harry Potter. Haikukisitisha. Kilipofunguliwa tarehe 18 Juni 2010, watu walipanga foleni kuanzia usiku, na si kwa ajili ya rolakosta tu. Walijipanga kununua fimbo za uchawi na vikombe vya kinywaji chenye povu kilichotajwa kwenye vitabu vya Harry Potter. Wageni wa bustani ya Islands of Adventure waliongezeka kwa zaidi ya robo mwaka ule. Disney nayo iliendelea na ukarabati wa dola bilioni 1.1 wa bustani yake ya pili California, ulioanza kutangazwa 2007 na kukamilika 2012.

Dhiki imewahi hata kuzaa bustani. Mwaka 1934, katika Mdororo Mkuu, Walter Knott na mkewe Cordelia walikuwa wakulima wa matunda huko Buena Park, California. Cordelia akaanza kuuza chakula cha kuku wa kukaanga kwa senti 65, akitumia sahani za harusi yake. Foleni ikawa ndefu kiasi kwamba, kuanzia 1940, mumewe alijenga mfano wa mji wa zamani wa wachimba dhahabu ili wanaosubiri meza wapate cha kutazama. Knott's Berry Farm ya leo ilitokana na hapo, na kuku bado anauzwa.

Mdororo ukiisha, ofa huondolewa haraka, lakini yale yaliyobuniwa kwa ajili ya kuziba pengo hubaki. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga bustani karibu zote duniani, na Septemba mwaka huo Disney ilitangaza kupunguza wafanyakazi 28,000 nchini Marekani. Wageni waliporudi, walikuta mpangilio mpya. Tangu 1999 bustani za Disney zilikuwa na utaratibu wa kumwekea mgeni nafasi ili aruke foleni, bila malipo. Oktoba 2021, Florida, nafasi hiyo ilianza kuuzwa kwa dola 15 kwa mtu kwa siku, juu ya tiketi. Wasiolipa wanaendelea kusimama kwenye foleni ya kawaida, wakiwatazama wenzao wakipita pembeni.